Weldon Kiprugut na Mkebe wa Minyoo Uliobaki kwenye Friji

Mama Jemutai, shemeji yangu Tabby, wachungaji, chifu, majirani wa Olenguruone, na nyinyi mliotoka Nakuru, Njoro na Salgaa mkapanda mlima huu na baridi yake, familia imenipa maikrofoni hii kwa sharti moja tu, kwamba nisome yaliyoandikwa na nisianze mambo yangu ya jukwaani, nami nimekubali, ila yeyote atakayecheka ajue amecheka kwa hiari yake. Mimi ni Joash Kiprotich, mdogo wake marehemu, yule wa vichekesho, ingawa wengi hapa mnanijua kama ndugu wa yule wa minyoo. Najua pia kwamba baadhi yenu hamkuja kusikia alizaliwa lini, mmekuja kusikia ule mkebe wa minyoo ulio kwenye friji ya Tabby ameachiwa nani, kwa hivyo tulieni, tutafika, historia ya mtu ina utaratibu wake.

Weldon Kiprugut alizaliwa tarehe 9 Agosti 1969 hapa hapa Olenguruone, kwenye nyumba iliyokuwa pale lilipo tangi la maji, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kiptum na Mama Jemutai, katika mwaka ambao mama husema mvua ilinyesha vizuri na ng'ombe wakatoa maziwa mpaka yakagawiwa majirani, na mimi nilipozaliwa miaka mitatu baadaye, naambiwa palikuwa na kiangazi. Alikuwa mtoto mtulivu, wa kutazama chini, ukimtuma alete ndama anarudi bila ndama akiwa na mbawakawa mfu mfukoni, na mama badala ya kumchapa alimpa kopo la mafuta ya kupikia aweke wadudu wake, kopo ambalo mimi nilikuwa nimeliomba siku nyingi nifanye ngoma. Mama, usiniangalie hivyo, imeandikwa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akapita vizuri sana, akaitwa shule ya bweni upande wa Molo mwaka 1983, akaendelea huko mpaka kidato cha sita alichomaliza mwaka 1988, na mwaka 1990 akajiunga na chuo cha kilimo upande wa Njoro, akahitimu mwaka 1992 akiwa na diploma, na miaka mingi baadaye, mwaka 2007, akaongeza digrii. Mimi nilipita shule hizo hizo za mwanzo nikiwa nyuma yake, na kila mwalimu mpya aliponiona aliuliza kwa furaha kama mimi ni ndugu yake Kiprugut, na baada ya mtihani wa kwanza akauliza tena, safari hii kwa mashaka, ndugu wa baba mmoja kweli?

Tarehe 1 Machi 1993 aliajiriwa na kituo kimoja cha utafiti wa wadudu, akapewa gari la shambani, koleo, na kazi ambayo hakuna mtu wa familia hii aliyeielewa hadi alipotuketisha jikoni akatueleza, kwamba ndani ya udongo wa msituni na wa malishoni wanaishi minyoo wadogo mno, huwaoni kwa macho, si wale wa tumboni wala si wale wanaofanya mizizi ya nyanya ivimbe, hawa wanatafuta wadudu, wanaingia ndani ya buu kwa mdomo au kwa matundu ya kupumulia, na huko ndani wanatapika vijidudu walivyobeba matumboni mwao, buu anakufa, nao wanakula, wanazaana humo humo, na chakula kikiisha wanatoka kwa maelfu kurudi udongoni kutafuta mwingine, na hawamgusi ng'ombe, hawamgusi mtu, hawagusi jani. Baba, Mungu amlaze pema, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na serikali inakulipa kwa hiyo?" Weldon akasema ndiyo. Baba akanigeukia akasema, "Unaona mwenzako?"

Namna ya kuwapata minyoo hao ni hii, na naieleza kwa sababu ndiyo iliyoniingiza katika mambo haya bila kuombwa ruhusa. Unachimba udongo, unautia kwenye mkebe, unaweka juu yake viwavi wa nondo wa nta, wale weupe wanene wanaoharibu mizinga ya nyuki, unafunika, unasubiri, na viwavi wakifa kwa namna fulani unajua minyoo wapo. Sasa katika ukoo mzima mwenye mizinga ni mimi, na mwenye nondo wa nta kwa sababu ya uvivu wa kusafisha mizinga ni mimi, kwa hivyo kwa miaka yote hiyo kaka yangu aliponipigia simu hakuanza na habari yako wala watoto hawajambo, alianza na swali moja, "Joash, viwavi wako aje?"

Mwaka 1997 akitoka msitu wa Mau na mikebe ya udongo, gari lilimharibikia Salgaa jua likiwa kali, na minyoo hao hawapendi joto, akaingia hoteli ya kwanza aliyoiona akamwomba msichana wa pale amsaidie na nafasi kwenye friji ya soda. Msichana akamuuliza, "Ni chakula?" Akasema ni udongo. "Udongo wa nini, boss, wewe ni mchawi ama ni fundi wa vyungu?" Akamwambia kuna minyoo ndani. Hapo wateja wawili waliacha sahani zao wakatoka, na msichana huyo, ambaye ni Tabby Wangeci aliyekaa hapa mbele amevaa nyeusi, alimfukuza hadi mlangoni, kisha akamwita arudi, kwa sababu, kama alivyokuja kutuambia, hakuwahi kuona mwanamume anayeomba radhi kwa minyoo yake kwa sauti ya chini namna ile. Walifunga ndoa kanisani Nakuru tarehe 12 Desemba 1998, Tabby akidhani kwa sababu ya lile gari kwamba anahamia Milimani, mtaa wa wenye pesa, na akahamia nyumba ya vyumba viwili ambayo ukisimama juu ya kiti unaiona Milimani vizuri. Wakajaliwa watoto wawili, Cherono aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2000, ambaye leo ni mwalimu wa biolojia, na Kiplimo aliyezaliwa tarehe 21 Septemba 2004, ambaye yuko chuoni.

Friji ya kwanza ya nyumba hiyo Tabby aliinunua yeye, na rafu ya chini ikachukuliwa na minyoo, baadaye na ya katikati, mpaka maziwa yakawa yanakaa mlangoni kama mgeni aliyekosa kiti. Tabby alikuwa akiwaonea wivu waziwazi, alikuwa akisema mbele ya watu, "Mimi nikiumwa ananiambia kunywa maji, mnyoo mmoja akilala vibaya anaamka saa tisa kumgeuza," na Weldon akijibu kwa upole kabisa kwamba si mmoja, Mama Cherono, ni wengi. Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yake, hakuwa mtu wa kukasirika, na hilo peke yake, kwa mtu anayeishi kwa kuwachokoza watu, lilikuwa linachosha.

Mwaka 2003 malisho haya mnayoyaona yalikauka kwa vipande vipande ingawa mvua ilikuwepo, ukivuta nyasi zinatoka mkononi kama zulia, chini yake mabuu weupe wamekula mizizi yote, na ng'ombe wa baba wakaanza kupungua, Weldon akaja na minyoo aliowatoa msituni akawamwaga kwa ndoo mbele ya kijiji kizima kilichokuja kutazama. Hakuna kilichokufa. Wiki zikapita, mabuu wakanenepa, majirani wakawa wakipita njiani wanamwita, "Weldon, minyoo yako imeshapata shule?" na mimi, sitaficha, nilitengeneza kipande cha dakika kumi kuhusu jambo hilo nikakipeleka Nakuru, na kilipendwa. Kosa lake lilikuwa kwamba wale minyoo wa msituni walikuwa aina ya kukaa wakisubiri, wanasimama juu ya majani makavu wakingoja mdudu apite, na buu wa malishoni hapiti popote, amekaa kwenye mzizi wake anakula.

Aliyeliona kosa hilo alikuwa kijana mpya wa kituoni kwao, Owino, kutoka Homa Bay, ambaye alimwambia aache msitu atafute minyoo wa malishoni penyewe, wanaotembea kumfuata mdudu alipo, na wawili hao wakapiga magoti kwenye nyasi hizi siku nyingi, wakichimba kona moja baada ya nyingine, wakitega kwa viwavi wangu, hadi wakawapata pale chini karibu na mtaro, wakawazalisha, wakawarudisha kwenye malisho yote, na mwaka uliofuata nyasi zikashika. Ng'ombe wa baba wakapona, ng'ombe wa majirani wakapona, na Weldon akarudi Nakuru akiwa na mtu anayemwita ndugu yangu. Alimwita hivyo mezani, mama akiwepo, mimi nikiwa nimekaa katikati yao nikipitisha ugali.

Tangu hapo kazi yake ilijulikana, akaitwa kufundisha wakulima wa viazi, wa pareto, wa mahindi, toka Molo hadi Bahati. Mwaka 2009 palikuwa na siku ya wakulima hapa Olenguruone, na waandaaji walinialika mimi, kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu, niwachekeshe watu baada ya chakula, nikashona suti ya rangi ya machungwa. Saa hiyo hiyo Weldon aliwaingiza watu kidogo kidogo ndani ya ghala, akafunga mlango, akawaambia wangoje macho yazoee giza, akafunua sahani ya viwavi waliouawa na minyoo wake, na viwavi hao, kwa sababu ya vile vijidudu vilivyomo ndani yao, walikuwa wanatoa mwanga, hafifu sana, wa kijani, kama mishale ya saa ya zamani inayong'aa gizani. Watu walitoka humo wamenyamaza kama wametoka kwenye ekaristi, kisha wakarudi mwisho wa foleni waingie tena. Mimi nilikuwa jukwaani na suti yangu, nikichekesha mbuzi wawili na mzee mmoja kiziwi, na mbuzi mmoja akaondoka. Wivu niliouona siku ile, ndugu waombolezaji, ninao hata sasa, nimekuja nao, umekaa hapa mbele kwenye viti vya familia.

Mnamo Desemba 2024 Weldon aligundua kwamba minyoo waliokuwa wamefugwa kituoni miaka mingi wamekuwa wazembe, wamezoea kuletewa viwavi kwenye sahani, hawajui tena kutafuta, kwa hivyo alirudi hapa kuchukua wengine kutoka udongoni. Ilikuwa ndiyo mara yake ya mwisho kupiga magoti kwenye nyasi hizi, kwa sababu Januari 2025 alianza kushindwa kumeza chakula, na madaktari wakasema ni saratani ya koo. Alitibiwa Nakuru, akapelekwa Eldoret, akarudishwa Nakuru. Wakati akiwa hospitalini ile sehemu ya chini karibu na mtaro, ambayo si yetu, ililimwa ikapandwa viazi na kupigwa dawa, na kwenye malisho yetu walikuwa wameshaisha baada ya mabuu kuisha, na Owino alipokwenda kutega mara tatu, juu na chini, hakupata kitu. Kwa hivyo minyoo wa Olenguruone waliobaki, kwa kadiri tunavyojua sisi, ni wale waliokuwa kwenye mkebe mmoja, ndani ya sponji yenye unyevu, kwenye rafu ya chini ya friji ya Tabby.

Nilimtembelea hospitalini kila wiki. Nikiingia aliuliza kuhusu viwavi. Owino akiingia, alinyoosha mkono akasema, "Ndugu yangu umefika." Weldon aliaga dunia tarehe 3 Oktoba 2025, alfajiri, Tabby akiwa amemshika mkono, na hakuwa amesema mkebe ni wa nani.

Sasa nasoma ile sehemu mliyokuja kusikia. Tarehe 6, siku ya mikutano ya matanga kule Nakuru, watu wakiwa wamejaa sebuleni wakinywa chai, Owino alisema kwa heshima kwamba mkebe urudi kituoni, maana aliwatafuta pamoja na marehemu akiwa amepiga magoti. Tabby akasema kwamba friji ni yake, umeme ni wake, aliishi na minyoo hao miaka mingi kuliko alivyoishi na mama yake mzazi, na hakuna mtu atakayefungua mlango ule. Mimi nikasema damu ni damu, na kwamba bila viwavi wangu hakuna hata mmoja wao ambaye angemjua mnyoo. Tukapandishiana sauti mpaka mchungaji akaanzisha wimbo. Owino akaniambia, "Joash, wewe ulimfanya kichekesho." Nikamwambia, "Na wewe ulinifanya jirani."

Hapo Cherono alitoka jikoni na trei ya vikombe, akaiweka chini, akasema, na haya ni maneno yake, "Anko, mama, na wewe anko Owino, acheni hii drama. Ndani ya huo mkebe wako mamilioni. Nyinyi ni watatu. Hata mkigawana na mchungaji watabaki." Na ilikuwa kweli, tone moja la maji yale lina minyoo ya kutosha kanisa zima, ungeweza kumpa kila mmoja kikombe, lakini hakuna kati yetu aliyetaka kikombe. Kila mmoja alitaka kuwa ndiye aliyeachiwa.

Cherono hakungoja jibu, akaenda akafungua friji mbele ya mama yake, akakamua sponji kidogo kwenye kioo, akaweka chini ya ile hadubini ndogo ya baba yake, akatazama, halafu akamwita Owino. Owino alitazama akakaa chini. Mnyoo aliye hai hujipinda, na aliyekufa hunyooka kama sindano, na wale walikuwa karibu wote wamenyooka. Hawakuwa wamepewa kiumbe hai tangu Weldon alipolazwa, sote watatu tulikuwa tunawalinda, mmoja akifunga mlango, mmoja akiandikia kituo, mmoja akikataa kutoa viwavi mpaka ijulikane mkebe ni wa nani, na hakuna aliyewalisha. Cherono akasema, "Baba akifa mara ya pili itakuwa nyinyi."

Ndugu zangu, nilipanda huku jioni hiyo hiyo bila kumaliza chai, nikafungua mizinga bila hata moshi, uso huu mnaouona umevimba si kwa kulia peke yake. Nilirudi Nakuru na masega yaliyooza na viwavi wote niliowapata. Tabby aliondoa unga, mchele na picha ya harusi kwenye kabati ili sahani zipate giza. Owino akalaza karatasi yenye unyevu, akaweka viwavi mmoja mmoja, akadondosha yale maji, mimi nikimshikia taa, na neno pekee aliloniambia lilikuwa, "Sogeza taa, wewe," nami nikasogeza. Jana asubuhi kabla ya kwenda kuuchukua mwili, Cherono alifunua sahani. Viwavi wengi walikuwa weupe vile vile, wanatambaa, wamenenepa kwa gharama yangu. Saba walikuwa wamekufa, wekundu kama tofali, bila harufu yoyote, jinsi wanavyokufa kwa minyoo ya Weldon na si kwa kitu kingine. Tabby alizigusa kwa kidole, zile sahani alizozichukia miaka ishirini na saba, akasema, "Wako hai."

Basi familia imeamua hivi. Minyoo watakaotoka kwa hao saba watarudishwa kwenye malisho haya ya mama, kuanzia hapa kaburini hadi uzio wa juu, na mama amesema mbele ya chifu kwamba ardhi hiyo haitalimwa akiwa hai wala akiwa amekufa. Owino ndiye atakayewazalisha, Tabby atawatunza wakiwa bado wadogo, mimi nitaleta viwavi, kazi ileile, na Cherono atakuwa akitusimamia, kwa sababu imeonekana tunahitaji kusimamiwa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Nakuru na Eldoret waliomhudumia, wakamvumilia alipokuwa akiwauliza kama friji ya wodi ina nafasi, nawashukuru majirani wa Olenguruone waliochimba kaburi kwenye udongo huu wa baridi na kina mama waliopika tangu juzi, nawashukuru watu wa Salgaa waliomkumbuka Tabby wao, nawashukuru wakulima mliokuja na viazi badala ya maua, na wafanyakazi wenzake wa kituo waliotupa gari na muda wao.

Kuhusu kutupa udongo, utaratibu utakuwa kama desturi yetu, mama kwanza, kisha Tabby, kisha watoto, kisha ndugu, kisha wafanyakazi wenzake, kisha majirani. Naona Owino amesimama kule nyuma na watu wa kituo. Owino, toka huko. Njoo huku mbele upande wa ndugu, usimame hapa karibu na mimi, mama ameshakubali na mimi sijaulizwa. Ila tuelewane mapema watu wakisikia, mimi nitatupa kwanza, halafu wewe.

Weldon, kaka yangu, mwana wa Kiptum, sasa lala kwenye udongo uliokuwa ukiupenda kuliko sisi sote, na amani yako iwe ndefu.